Shika Skrubu Zako

Odeta hakai. Kibanda chake pale Makoroboi, mjini Mwanza, kina kigoda kimoja, na kigoda hicho ni cha mteja. Yeye husimama tangu anapofungua asubuhi mpaka anapofunga, akihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule, akigonga meza kwa bisibisi hata pale ambapo hakuna cha kugonga. Ukimtazama dakika tano unachoka wewe. Mimi nilimtazama kwa muda wa karibu saa nne nzima, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nikiwa na hali mbaya kuliko yake, na ndiyo maana nathubutu kusema namfahamu.

Anatengeneza redio, taa za sola, mashine za kunyolea, na siku hizi vepu, yaani hizi sigara za umeme zinazotoa mvuke. Anasema vepu ni koroboi iliyosomeshwa. Baba yake, mzee Shimba, alikuwa akikata makopo na kutengeneza koroboi maeneo hayohayo, na binti alijua utambi kabla hajajua kusoma. Ukiubana sana, mafuta hayapandi na utambi unaungua mkavu. Ukiulegeza, mafuta yanavuja na meza yote inanuka. Mzee alipofariki, na watu wakaacha kununua koroboi, Odeta akabaki na ujuzi wa utambi bila taa ya kuutilia. Akauza mitumba minadani, akaacha. Akajifunza simu kwa fundi mmoja, wakagombana. Hakudumu na kitu chochote zaidi ya mwaka, mpaka dereva mmoja wa malori alipomletea vepu iliyogoma. Alipoifungua akakuta ndani kuna pamba, waya na mafuta, akacheka peke yake mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Mimi naitwa Kahigwa, mwalimu wa fizikia, na siku ile nilikuwa na siku arobaini na moja bila sigara. Nilikuwa nimevuta miaka kumi na tisa. Binti yetu Sharon, ana miaka tisa, ana pumu. Nilikuwa navutia uani na kujidanganya kwamba uani panatosha, huku moshi nikiurudisha ndani kwa shati langu. Mwezi wa nne alibanwa na kifua mara tatu. Mara ya tatu mke wangu Specioza hakugombana na mimi. Alifunga mizigo, akampeleka mtoto kwa bibi yake Kagera na kumtafutia shule hukohuko.

“Nitamrudisha siku ambayo shati lako halinuki,” aliniambia. “Nikishuka nikasikia harufu ya sigara, tunageuza.”

Specioza hasemi jambo mara mbili. Mwalimu mwenzangu Nathaniel akanipa vepu yake ya zamani, ile ya kujifungia waya na pamba mwenyewe, nayo ikanivusha. Sijivunii. Ilikuwa mkongojo tu, na nilikuwa nautegemea kuliko nilivyokiri kwa mtu yeyote.

Sasa Jumamosi hiyo ndiyo walikuwa wanarudi. Basi lilikuwa limeondoka Bukoba alfajiri, na Specioza aliniambia wakifika Usagara atanipigia, maana kutoka pale hadi stendi ya Nyegezi si mbali. Na asubuhi hiyohiyo vepu ikaanza kutoa ladha ya kitambaa kilichoungua. Nilivuta mara mbili, nikakohoa mpaka machozi. Nikapiga deki nyumba nzima, nikapiga pasi shati lilelile mara mbili, nikatoka, nikarudi kuangalia kama nimefunga mlango. Mikono haikuwa na pa kukaa. Njiani nikanunua sigara moja, ya dharura, nikajiambia. Mtu mzima, mwenye shahada, nikaitia mfuko wa shati pamoja na kalamu.

Nilimkuta Odeta amesimama, kama kawaida yake. Akanitazama mfuko kabla ya uso.

“Mwangaluka, mwalimu,” akanisalimia Kisukuma.

Nikamuuliza kanijuaje. Akasema kalamu nyekundu. Kile kilichokuwa kando ya kalamu alikiruka.

Akainusa vepu, akasema pamba imeungua, akaanza kufungua. Akatoa kipande cha kuvutia mdomoni, kioo, bomba la katikati, akafika kwenye kile kitako chenye nguzo mbili ambapo waya hubanwa. Kila alichofungua hakukiweka mezani. Aliniambia nikinge viganja, akanimwagia. Nikamwonyesha kifuniko cha ndoo kilichokuwa pale, nikasema tungeweza kuviweka humo.

“Hapa kila mtu anashika skrubu zake,” akasema. “Kitakachopotea kipotee mkononi mwako.”

Basi nikakaa kwenye kigoda, viganja viwili vimekinga kama mtu anayesubiri maji ya kunawa, na ndani yake vyuma vidogo kuliko punje za mtama. Kwa kuwa siwezi kunyamaza nikiwa na wasiwasi, nikaanza kumfundisha. Nikamweleza kuhusu ukinzani, kwamba waya ukiwa mfupi ukinzani unapungua na mkondo unaongezeka. Alikuwa anauzungusha waya mpya kwenye msumari, mizunguko sita. Lafudhi ilikuwa imeshanisaliti; akauliza kama huko kwetu Bukoba wanaozaliwa wote huzaliwa na vyeti. Watu wa kibanda jirani cha viatu wakacheka. Nikaona uso unawaka moto, nikatamani sigara kwa namna ambayo sikuwa nimeitamani wiki mbili nzima.

Akachukua skrubu mbili kutoka kiganjani mwangu, akaubana waya, akapima kwa mita. Namba zikawa zinapanda na kushuka. Nilitaka kusema shoti, akaniwahi: shoti inasoma sifuri na inatulia, hii inacheza kwa sababu skrubu moja haijakaza. Akaikaza robo mzunguko, namba zikatulia. Akauwasha waya kidogo kidogo, akaubana kwa koleo lake dogo mpaka ukawa unawaka sawasawa kuanzia katikati. Akapitisha pamba. Hapo ndipo nilipomwona mikono ikitulia kwa mara ya kwanza, miguu ikiendelea na safari yake. Akazipunguza ncha za pamba kwa sindano, akazilaza juu ya vijitundu vya mafuta bila kuvishindilia.

Alipoifunga na kutia mafuta, nikaidaka. Nikavuta. Ikachemka kama maharage na mafuta machungu yakanijaa mdomoni. Chini yake kukawa kumeloa.

“Inavuja,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Ilikuwa inaelekea saa saba.

Odeta hakushtuka. Akaikandamizia karatasi ya chooni, akaangalia doa limeanzia wapi, akasema pamba haina kosa. Akafungua tena, yote, hata waya akautoa na zile skrubu mbili, akanimwagia tena. Akakuta kosa: oringi ya chini, ule mpira mwembamba unaozuia mafuta kwenye kitako, ilikuwa imepasuka upande mmoja, mpasuko ambao mimi na vyeti vyangu tusingeuona. Akasema kuna fundi saa juu kule mwenye mipira ya kulingana. Akaondoka, mwendo wa mtu anayekimbizwa, akaniacha na kibanda chake na viganja vyangu.

Sasa ngoja niseme ukweli. Dakika tano za kwanza nilikaa. Dakika ya sita nikasimama. Sigara ilikuwa pale, inchi chache chini ya kidevu changu, na mikono miwili imejaa. Nikafikiri: mivuto miwili tu, halafu nitanunua pipi za mnanaa, halafu nitanawa kwa sabuni kwenye bomba la sokoni. Nikafikiri kuhusu shati jingine, kama lipo duka la karibu. Nilikuwa nimeshapanga uongo wote, mpaka sura nitakayoifanya. Nikahamishia vyuma vyote kiganja cha kushoto, nikapeleka cha kulia mfukoni.

Sigara ikatoka, na kiganja cha kushoto kikainama. Nikasikia kitu kimoja kikigonga kiatu.

Nilihesabu. Kioo kipo, bomba lipo, kitako kipo, skrubu ni moja. Nikapiga magoti kwenye vumbi la Makoroboi na suruali yangu ya pasi mbili, kati ya maganda ya miwa na uzi wa washona viatu, nikaviweka vilivyobaki kigodani na kuanza kupekua kwa vidole. Sigara niliiangusha hapohapo. Bila skrubu ile, waya hauna wa kuushika, na bila waya nilijua kabisa nitakachofanya kabla ya kufika Nyegezi.

Odeta akarudi na kunikuta hivyo. Akaangalia sigara, haijawashwa, imepinda. Akaiokota, akainuka nayo hadi mezani, nikasikia kifuniko cha kopo. Halafu yule mwanamke asiyekaa akashuka, akapiga magoti mbele yangu na kuanza kutafuta.

Tulitafuta nusu saa au zaidi. Tuligawana ardhi, yeye upande wa meza, mimi upande wa barabara. Hakunilaumu. Aliuliza nampokea nani leo, maana mtu hapigi pasi namna ile kwa ajili ya fundi. Nikamwambia yote, Sharon, kifua, Usagara, shati. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata Nathaniel anajua nusu. Ni rahisi kusema ukiwa unaangalia chini.

“Mimi nilianza kuvuta nikiwa na miaka kumi na sita,” akasema. “Pakiti moja kwa siku, hapa hapa, na mzee akiwa hai. Huu mwaka wa sita sivuti. Tangu niache sijakaa.”

Nikamuuliza inaisha lini. Akasema hajui, yeye anapita tu kutoka kitu kimoja kwenda kingine, redio hii, taa ile, na jioni inafika. Alilisema hilo bila huruma yoyote, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Nikaona huruma ninayo mimi, na nikamwonea yeye na nafsi yangu kwa pamoja.

Simu ikaita. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa vyuma tena, kwa sababu alikuwa ameviokota kigodani na kunirudishia. Akaitoa yeye mwenyewe mfukoni mwangu, akanibandika sikioni.

“Tumefika Usagara,” Specioza akasema.

Alipokata, nikamwambia Odeta skrubu haijapatikana. Odeta akasimama, akajikung'uta magoti. Akachukua vyuma vilivyobaki, akaviweka vyote katika kiganja changu cha kulia, akanikunja vidole kimoja kimoja.

“Nenda hivyo hivyo. Usivitie mfukoni. Vikipotea vingine sitakutengenezea.”

Nikapanda bajaji nimefumba ngumi. Tulipita vibanda vitatu vinavyouza sigara mojamoja, navijua vyote, na kwa kila kimoja ngumi ilikuwa imefumbwa. Nyegezi basi likaingia. Sharon alishuka wa kwanza, amerefuka, akasimama mbali kidogo na mimi, akimsubiri mama yake. Hilo liliniuma. Mtoto alikuwa amefundishwa kusubiri.

Specioza akaja. Akanusa kola, akanusa kifua, watu wanapita wanatuangalia. Akashika ngumi yangu, akainusa pia, akakunja uso.

“Unanuka pamba iliyoungua.”

Nikafungua mkono nikamwonyesha. Akavitazama vile vyuma, na nikaona hana hakika acheke au aanze mahojiano. Akageuka, akamwambia Sharon amsalimie baba. Sharon akasema shikamoo, uso kautia tumboni mwangu, mikono imenizunguka, na mimi nikaitikia marahaba mara mbili kwa kuwa ya kwanza haikutoka.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Niliwafokea wanafunzi, nilifagia uwanja wetu na wa jirani, nilivunja kikombe. Vyuma vilikuwa kwenye sahani juu ya kabati, na kila nilipozidiwa nilivichukua nikavipanga, kioo, bomba, kitako. Jumamosi nikaamka na azma kwamba skrubu ya aina ile lazima ipo mahali Mwanza hii, nikavifunga kwenye leso na kurudi Makoroboi.

Odeta alikuwa na mteja, mama mmoja mwenye redio. Alihitaji skrubu. Akavuta kopo la maziwa chini ya meza, akafungua kifuniko, akachovya vidole. Nilikuwa nimeinama juu ya bega lake. Lilikuwa limejaa skrubu, mamia, za kila aina, na zile ndogo za vepu zilikuwa nyingi mno, yangu ingepata ndugu ishirini. Juu yake ililala sigara yangu, imepinda vilevile.

Nikasubiri mama yule aondoke. Nilikuwa nimekasirika, na hasira haikujua imwangukie nani.

“Siku ile ulikuwa nazo hizi,” nikamwambia.

“Nilikuwa nazo.”

“Tukatambaa nusu saa.”

“Wewe ulikuwa na nusu saa ya kupitisha,” akasema. “Mimi pia.”

Akahama mguu. Akagonga meza kwa bisibisi mara mbili, akaitazama leso yangu.

“Leo umekuja niifunge vepu, au umekuja kuvishika tu?”

Nikakaa kwenye kigoda. Nikafungua leso, nikakinga viganja.