Nilivyolazimishiwa damu nisiyoihitaji, tena ikawa ya mwingine

Wakuu, nawasalimu. Shule niliishia la nne, herufi zikiruka mnivumilie. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na majina nataja.

Mimi mkulima wa mpunga, Mbuchi. Mwaka juzi nikaishiwa nguvu, nalima hatua kumi napumzika. Kaka yangu mkubwa, Athumani, akanipeleka kwa boti, na ndugu wanne, kwenye hospitali moja ya huku Kibiti.

Daktari Mshamu akanipima. Damu saba na nusu, minyoo kibao.

"Anatembea, anakula, hapumui kwa shida. Vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo vinamtosha."

Alisema kweli. Angeishia hapo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Ila kwetu mgonjwa akirudi na vidonge tu, ndugu wanaona hajatibiwa. Tena kina kaka walishatoa damu asubuhi ile, wakijua nitawekewa mimi. Athumani akaja juu.

"Daktari, watu watano tumechomwa sindano, wewe unatupa vidonge? Damu yetu inaenda wapi?"

"Inaenda benki ya damu, mzee, ipimwe. Atapewa anayehitaji."

"Anayehitaji si huyu hapa? Au mshaiuza?"

Wakabishana weee, mpaka Mshamu akachoka. "Haya, mwekeeni, watupumzishe."

Hapo ndipo ninapomlaumu. Alijua, akaufyata.

Mimi je? Kusema kweli nilifurahi.

Muuguzi Zuhura akaja na chupa mbili mkononi. Moja yangu, nyingine ya mama aliyejifungua, yuko wodi ya wazazi anavuja damu. Hakuniuliza jina, hakufungua faili. Akamuuliza kaka, "Ndiye huyu?"

"Ndiye, dada. Tundika tu, maji yanakupwa, boti itakwama."

Akatundika, akaondoka.

Dakika kumi hazikuisha. Baridi ikanishika, natetemeka kitanda kinalia. Kiuno kinapasuka, kifua kimebana.

Kaka ananiambia, "Tulia, ndiyo inaingia hiyo."

Aliyefunga mpira wa damu na kuita watu ni mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Mkojo ukatoka mweusi. Nikapewa rufaa Dar, nikasafishwa damu kwa mashine wiki tatu. Kliniki ya figo naenda mpaka leo.

Ile chupa ilikuwa ya yule mama, kundi lisiloendana na langu. Mimi nisiyehitaji niliwekewa, yeye anayevuja akaambiwa asubiri itafutwe nyingine. Nimeuliza mara mbili kama alipona. Hakuna anayenijibu.

Kaka Athumani huko Mbuchi anasimulia kuwa damu yake ndiyo iliyoniokoa. Sibishani naye. Sijamsamehe pia.

Nilichojifunza: daktari akisema damu haihitajiki, muulize sababu, usimlazimishe. Ikihitajika, mgonjwa ataje jina lake mwenyewe na lilinganishwe na la kwenye chupa. Ukisikia baridi au kiuno kinauma, sema wafunge mpira hapo hapo.

Wenye yenu wekeni hapa chini, hata wauguzi mnaotaka kunitukana.

Na kama humu yupo aliyekuwa zamu wodi ya wazazi siku ile, aniambie tu yule mama yu hai au vipi.