Wingu Alilolijua Lambert

Wanaopita getini pale Midrand, nje ya Johannesburg, humwita Baba Lambert, wala hawajui kwamba mlinzi huyu aliwahi kubeba mizigo ya watalii kwenye theluji ya Ruwenzori, upande wa Mutwanga kwao Kongo, misimu tisa. Kanisani wanajua sana, maana aliwachosha nayo. Mkongo mwenzake akilalamikia baridi ya Julai ya Johannesburg, Lambert alimkata kauli: baridi gani hii, hata kuku anatembea nje. Hadithi zake zote zilimalizikia kileleni. Ile ya mdogo wake Théodore hakumsimulia mtu.

Binti yake Chloé, aliyezaliwa hukuhuku na kumjibu kwa Kiingereza tangu shuleni, hakuwa amemwomba lolote kwa miaka. Basi mwaka jana alipomwambia kwamba wenzake wa ofisini wanakwenda kupanda milima ya Drakensberg yenye theluji, na wanamtaka yeye awaongoze, Lambert alifurahi kupita kiasi. Aliomba ruhusa kazini, akapaka buti mafuta. Alitaka mbele ya mtoto huyu aonekane mtu, walau siku moja.

Kufika saa tano asubuhi walikuwa katikati ya njia, theluji ikiwafika vifundoni. Hapo Lambert akaliona wingu jembamba la kijivu limelalia ukingo wa mlima. Aliwahi kuliona kama hilo siku moja kule Ruwenzori, akanyamaza asije akamuudhi mtalii. Théodore akatangulia na mzigo, na hakurudi hata maiti yake. Akasimama, akajishika magoti.

"Turudie chini," alisema. "Ile mawingu, miye naijua."

Chris, kijana aliyepanga safari, akamwonyesha simu: jua mpaka jioni. Wote wakamgeukia Chloé.

"Eish, Papa," alisema kwa sauti ndogo. "Basi wewe utungoje hapa."

Angeweza kumweleza habari za Théodore. Lakini aibu ya karibu miaka thelathini haitoki kinywani kwa dakika moja, tena mbele ya watu. Akakaa juu ya jiwe, akawatazama wakipanda mpaka hakuwaona tena.

Wingu lilitanda, likasita, likaanza kufumuka. Jua likawaka. Saa tisa walishuka wakicheka, Chloé na picha zake za kilele. Hakuna aliyemdhihaki, na afadhali wangemdhihaki. Walimmiminia chai, wakamuuliza kama magoti yamepata nafuu.

Siku hizi Lambert hasimulii tena milima. Wenzake kanisani wanadhani anaona haya kwa kuwa alishindwa kupanda, nao humpigia mifano ya uzee ili kumfariji. Laiti lingekuwa hilo tu. Kinachomla ni sala aliyoomba pale juu ya jiwe, alipoona wingu linakatika. Alimwomba Mungu alirudishe, zito kuliko mwanzo, ili Chloé ajue kwamba baba yake alisema kweli. Na Chloé alikuwa bado yuko juu.