Punda wa Ukurasa wa Saba

Jamani, mimi nina uso mkavu, lakini mpaka leo nikimwona punda anakuja upande wangu huwa nageuza njia. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine (Matondoni hapa siri hailali): mimi Bi Salma, mwanamke mzima, niliyefundisha skuli mpaka nikastaafu, nilikaa mbele ya watoto wa watu nikasoma gazetini habari isiyokuwemo.

Nia yangu ilikuwa njema. Wasichana hukusanyika ukumbini kwangu baada ya alasiri kusuka ukili wa mikeka, mikono inakwenda mbio lakini masikio yamekaa bure, nikaona kwa nini nisiwasomee gazeti, huenda siku moja wakataka kujisomea wenyewe. (Gazeti lenyewe shemeji yangu huninunulia Lamu mjini, linanifikia kesho yake, na mara nyingine lina unga.) Lakini niseme ukweli, nilikuwa nikimsomea Rukia, binti wa kaka yangu, hao wengine walikuwa kisingizio tu. Rukia alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja mabaya, na tangu siku hiyo hakushika karatasi yenye maandishi. Alisema kusoma kumemkataa na yeye amekukataa. Mtoto niliyemfundisha irabu mimi mwenyewe, mapajani. Iliniuma.

Ijumaa moja nikasoma ya bunge, wakapiga miayo, nikasoma ya barabara za Nairobi, Rukia akaweka ukili chini akaanza kuvaa buibui lake.

"Shangazi, usiudhike," akasema, "lakini gazeti hilo lina wenyewe, na sisi hatumo. Tangu uanze kutusomea, umeiona Matondoni hata mara moja?"

Nikaona ananiponyoka. Sasa hapo mtu mwenye akili angenyamaza.

"Kaa kitako," nikamwambia. "Matondoni hii hapa, ukurasa wa saba."

Na macho yangu yakiwa kwenye tangazo la rangi za nyumba, nikasoma kwa sauti ya darasani kwamba daktari wa mifugo atafika Matondoni Jumamosi asubuhi kutibu punda bila malipo. Kwa nini punda? Kwa sababu punda wa jirani alikuwa akilia nje wakati uleule, na mwongo hana nafasi ya kuchagua. Rukia akakaa. Mikono yote ikasimama. Mmoja akauliza kama hata punda wa kijiji jirani cha Kipungani wataruhusiwa, nikasema hata wa Kipungani (ningeweza kusema hapana, lakini ukarimu wangu siku hiyo haukuwa na mpaka), mwingine akauliza ni mahali gani, nikasema uwanja wa mpira, na kila nilipotaka kufunga mdomo Rukia alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu yale matokeo, nami nikaongeza.

Nilijiambia kesho nitawaambia ilikuwa mzaha. Nikasimama kusali Magharibi, nilipotoa salamu gazeti halipo mkekani, Rukia amelichukua kwenda nalo kwao. Nikafurahi na kuogopa kwa pamoja. Nisilolijua ni kwamba wasichana walishakamata simu zao. Habari za kweli nilizowasomea siku zote hizo hazikuvuka kizingiti changu, na hii ya uongo ilifika Kipungani kabla ya Isha.

Asubuhi niliamshwa na punda. Nikatoka na leso yangu kichwani mpaka uwanjani, nikakuta umejaa, punda wa kubeba mchanga, punda wa kubeba mawe, punda wameoshwa, mmoja kapakwa hina kwenye paji la uso kama bibi harusi. Mbele yao amesimama Bwana Athmani wa Kipungani, mzee asiye na kitu ila punda wake mmoja anayembebea maji na kuni. Mgongo wa punda ulikuwa na kidonda kikubwa, amekifunika kwa kipande cha kanga safi.

"Bi Salma, Mola akulipe," akaniambia. "Nimetoka na alfajiri, nimekuya naye ndia yote polepole. Huyo tabibu yu wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Tena uongo wa pili ulishafika mdomoni, niseme boti ya daktari imeharibika, lakini nikamwona Rukia anakuja na gazeti kwapani, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nimelisoma lote, Shangazi," akasema polepole. "Matangazo ya vifo, ya viwanja, mpaka bei za mahindi. Nikarudia, nikidhani nimeruka mahali. Matondoni haimo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ileile aliyoniambia matokeo yake, na mimi hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikageukia watu nikawaambia hakuna daktari, habari nimeitunga mimi, nisameheni.

Halafu kijana mmoja niliyemfundisha akauliza, "Mwalimu, na zile hesabu ulizotufunza, nazo ulitunga?" Uwanja mzima ukacheka, punda nao wakaitikia. Bwana Athmani hakucheka. Alishika kamba, akaanza kumgeuza punda wake.

"Babu, ngoja," Rukia akasema.

Akalifungua gazeti kwenye ukurasa wa wakulima, ule ambao mimi huuruka kila siku nikiona hautawapendeza wasichana. Akasoma mbele za watu, sauti ikitetemeka: kidonda cha mgongoni kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi yakishapoa, nzi wafukuzwe, mnyama asifanyishwe kazi mpaka ngozi ifunge, na kikinuka atafutwe daktari.

"Wameandika ng'ombe," akasema, "lakini mgongo ni mgongo."

"Soma tena," Bwana Athmani akamwambia. Akasoma tena, na safari hii sauti haikutetemeka. Maji na chumvi vilitoka jikoni kwangu, mwoshaji nilikuwa mimi, na punda alinipigia chafya ya uso mzima mbele ya wanafunzi wangu wote. Nilistahiki.

Kidonda kilifunga, alhamdulillahi, ingawa Bwana Athmani mwenyewe alibeba maji begani muda wote huo. Nami nimekula yamini sitaongeza gazetini hata nukta, na hata nikitaka sitaweza, maana Rukia hanisadiki tena. Jana nilisoma mimi, yeye anasuka. Nilipomaliza akanyoosha mkono.

"Lete nione."

Nikampa. Alilisoma kuanzia juu mpaka chini, ukili umemlalia mapajani, na mimi nikanyamaza nisimkatize.