Siku Nilipompiga Mama Furaha Mihuri Usoni

Wateja wanaoingia dukani kwangu hapa Morogoro huiona kwanza stashahada yangu ya usanifu wa machapisho, ya kutoka Stockholm, imetiwa kwenye fremu juu ya mlango, na huwa nawapa nafasi waisome taratibu (sina haraka). Wasichokiona ni aibu iliyonipata wiki chache tu baada ya kuipokea, mbele ya kanisa zima, na kwa kuwa leo mmenibana, basi kaeni niwasimulie.

Nilifika Uswidi na begi moja na nambari ya simu ya mtu ambaye hakupokea. Aliyenichukua ni Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu niliyekutana naye kanisani. Akanipeleka kwake Hagsätra, kule treni inakoishia, akanitandikia kochi la sebuleni, na kochi hilo nikalilalia mpaka nikamaliza chuo, wala hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Kwa hiyo kanisa lilipopanga kumfanyia sherehe ya kutimiza miaka sitini, nilisimama mbele ya akina mama wa kwaya nikatangaza kwamba kadi za kumshukuru nitazitengeneza mimi, zote, kwa mkono, na mtu asithubutu kuleta ya dukani.

"Utaweza, Diplôme?" akauliza Mama Esta, kiongozi wao (jina hilo la Diplôme walinipachika wao, mimi sikulikataa).

"Mama, hiki ndicho nilichosomea."

Na kusema kweli kazi ilikuwa nzuri. Nilichanja kila kadi pembeni, nikapitisha utepe mwekundu juu, chini, juu, chini, kama bibi yangu alivyokuwa akisuka ukili, nikaacha ncha ndefu ya kushikia. Muhuri nao niliuchonga mwenyewe, ua kubwa na chini yake ASANTE MAMA, herufi zote nikizigeuza kinyume ili zikigongwa zisomeke sawa. Kosa lilikuwa karatasi. Kibati cha wino wa zambarau kilikuwa na maelezo kwamba wino ule unataka karatasi isiyong'aa, inayonyonya, na niliyaelewa vizuri sana (Kiswidi changu kilikuwa safi), ila karatasi isiyong'aa niliiona ya kimaskini, nikanunua inayometameta, nikajiambia maelezo ya vibati wameandikiwa wasiosomea. Asubuhi nikapitisha kidole juu juu, kikatoka safi, nikazipeleka.

Sikufikiria jinsi wenzetu Wakongo wanavyotoa zawadi. Kwao zawadi huchezwa. Mama Furaha alikaa mbele kwa gauni jeupe alilotumiwa na dada yake, ambaye alilishona kwa mkono wake mwenyewe kule Bukavu, na hawa wawili hawakuwa wameonana tangu vita viwatenganishe, hivyo picha za siku ile zilikuwa zinangojewa huko kuliko hata chakula chetu. Basi kwaya wakaanza kuja mmoja mmoja wakipunga kadi kwa utepe, na kila aliyefika akaibandika kadi kwenye paji la uso la Mama, akaishikilia hapo huku akitikisa mabega, kisha shavuni, kisha kifuani, ukumbi una joto, Mama anatiririka jasho, na mimi kando ya spika namwambia jirani yangu autazame vizuri ule utepe.

Furaha, binti yake aliyekuwa anapiga picha, akashusha simu. "Mamma, vad har du i pannan?" Yaani, Mama, una nini hapo kwenye paji la uso?

Muziki ukakatika. Paji la uso lilikuwa na ua la zambarau, mashavu yana maua, na gauni, Mungu wangu, upande wote wa kulia maua, na chini ya kila ua herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, maana zilikuwa zimegeuka.

"Hii iko luga gani?" akauliza Mama Esta, kisha akaviona viganja vyake navyo vya zambarau, kisha wote wakanigeukia mimi.

"Ni wino," nikasema. Stashahada nzima, nikapata maneno mawili.

Furaha akamshika mama yake mkono wakaenda chooni. Nilimfikiria yule dada wa Bukavu na sindano yake, nikalifikiria kochi, nikachukua koti langu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Diplôme, unaenda wapi? Kuya hapa." Mama Furaha alikuwa amerudi, na hajanawa. "Kule mbele ya kioo nimesoma. Iko imeandikwa asante mama, muzuri kabisa. Nyinyi hamuoni. Ni miye tu ndiye naona."

Nikamwambia nimeliharibu gauni la dada yake.

"Sasa iko na maua. Lakini iko na maua upande moja tu, ile haipendezi. Benye kadi zingine beko wapi? Bakuye bamalize."

Wakaja wenye kadi zilizobaki, muziki ukarudi, safari hii wakilenga kwa makini, Mama Esta akiwaelekeza, "Pale bado peupe." Picha zikatumwa hivyo hivyo, na dada mtu akajibu kwamba na yeye sasa anataka gauni la aina hiyo.

Mimi nilikuwa wa mwisho, sina kadi. Mama Furaha akanishika kichwa kwa mikono miwili, akalikandamiza paji lake la uso kwenye langu, akaniachia. Mama Esta akanitazama, akasogea karibu, na polepole akasoma kwa sauti, neno kwa neno, yale yaliyokuwa yamenigeukia sawasawa usoni: "Asante, Mama."

Nilipanda treni na ua hilo usoni, sikulifuta, na Waswidi walivyo, hakuna aliyeniuliza.

Karatasi ya kung'aa sijaigonga muhuri tena. Na hapa dukani hakuna kadi inayotoka kabla sijaibandika kwenye paji langu la uso, mteja akiwa amesimama hapo hapo chini ya fremu, ananishangaa.