Taji la Dunnottar na Mgongo wa Shangazi

Sababu ya safari ilikuwa mtoto. Kaka Bahati, mwana wa shangazi yangu Nabintu, anatunza wazee huko Aberdeen, Uskoti, na mke wake alikuwa amejifungua. Shangazi alitaka kumbeba mjukuu. Kiingereza hana, kwa hiyo Baba akanichagua mimi niwe kinywa chake. Mimi Riziki! Mimi ambaye darasani hata jibu nikilijua nainamisha kichwa.

Jumamosi asubuhi tuliondoka kwetu Shively, Louisville, Baba akiendesha. Mchana tukawa Westerville kwa Shangazi, na kesho yake tukasali kanisani kwao. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, niliona kati ya vikombe vidogo vya plastiki kikombe kimoja kikubwa cha bati, kimebonyea ubavuni. Nikadhani wamekosa tu mtu wa kukitupa.

Jumatatu tulipita Buffalo, tukalala Amherst kwa rafiki wa Baba. Asubuhi tukavuka daraja kuelekea Toronto, maana tiketi za ndege za huko zilikuwa nafuu. Mpakani afisa akainama dirishani, akamwuliza Shangazi anakwenda kumwona nani. Shangazi akanigeukia. Maneno yote yakanikauka! Baba ndiye aliyejibu.

"Bon, haya," Shangazi akasema tulipopita, "nimepewa kinywa chenye zipu."

Nilicheka, lakini iliniuma. Baba angetuacha uwanja wa ndege. Huko mbele tungekuwa wawili tu, na mmoja ni mimi.

Aberdeen, Kaka Bahati alitupokea na upepo ukatupokea. Mtoto alihamia mgongoni kwa Shangazi siku ile ile. Bahati akawa anatafsiri kila kitu, nami nikapumua.

Alhamisi alitupeleka Dunnottar. Jamani! Ngome imekaa juu ya mwamba, bahari karibu pande zote. Unashuka ngazi mpaka chini karibu na mawimbi, halafu unapanda upya huku magoti yanalia. Ndani hakuna paa, ni kuta na majani mabichi, na ndege wa baharini wanakupigia kelele kama una deni lao. Nilitaka kukimbia kila chumba kwa wakati mmoja.

Mama mmoja mzee, mwenye koti la njano, alikuwa anaongoza kikundi cha wageni, tukajiunga nao. Alieleza kwamba karne nyingi zilizopita jeshi la Uingereza liliizunguka ngome hii miezi mingi, likitaka taji la wafalme wa Uskoti lililofichwa humu. Lilipoingia mwishoni, taji halikuwepo. Inasimuliwa kwamba mke wa mchungaji wa kanisa la kijiji cha jirani alikuja kumsalimia mke wa mkuu wa ngome, akalitoa mbele ya macho ya askari. Hata afisa wao alimsaidia kupanda farasi! Yeye na mume wake wakalizika chini ya sakafu ya kanisa mpaka mfalme aliyekuwa amekimbia nchi aliporudi.

Shangazi alisimama wima. "Bahati, muulize alilibeba wapi."

"Wengi husema chini ya nguo zake," akajibu yule mama.

"Apana. Mgongoni!" Shangazi akageuka, akampigapiga mjukuu kwenye kitenge. "Siku tuliyokimbia vita kule kwetu milimani, kikombe cha kanisa nilikifunga hapa, nikakifunika kichwa kama mtoto. Barabarani wenye bunduki wakauliza, huyo vipi? Nikasema, ana homa kali, msimkaribie. Wakarudi nyuma."

Kaka Bahati hakutafsiri. Alimgeukia mama yake. "Mama," akasema polepole, "ndiyo maana mimi nilitembea kwa miguu? Nilikuwa nalia unibebe."

"Ulikuwa na miguu, mwanangu. Kikombe hakikuwa nayo."

Wageni walikuwa wanatutazama. Mwongozaji alikuwa ameshageukia mlango. Niliona kwamba nikinyamaza, habari ya Shangazi itabaki pale pale ukutani, na hakuna mwingine wa kuitoa. Nikasema, "Samahani!" kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nikaitafsiri yote, mpaka homa, mpaka kikombe, ambacho sasa nilijua ndicho kile kilichobonyea cha kanisani Westerville, nilichokuwa nimekidharau. Yule mama wa koti la njano alimshika Shangazi mikono miwili. Hilo Shangazi alilielewa bila mimi.

Wiki iliyofuata tulirudi, Baba akatupokea Toronto. Darajani Buffalo, afisa aliuliza Shangazi amebeba nini. Baba akafungua mdomo, nikamtangulia. "Biskuti za siagi, sweta mbili na kitenge chake."

"Mwambie na habari ya taji," Shangazi akaninong'oneza.

"Shangazi! Akisikia taji atatufungua mabegi yote!"

"Na afungue. Weye si una kinywa?"

Nilichojifunza ni hiki: kinywa nacho ni mgongo, na kuna vitu visivyo na miguu vinavyongoja kubebwa. Nikamgeukia afisa, nikaanza na mke wa mchungaji. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Mimi nikaendelea.