Nta Iliyokataa Matope

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, kipande cha kanga kuukuu na onyo. Yadi ilikuwa ya tajiri mmoja wa malori pale Mocímboa da Praia. Msimamizi wa gereji, mtu mnene asiyecheka, alinionyesha mkwaruzo mdogo kwenye mlango wa gari la tajiri akasema, "Huu si wako. Unaofuata utakuwa wako." Hayo ndiyo mafunzo yangu yote. Nililiosha gari lile nikikagua kila nilipopitisha kanga, na tangu siku ile nikajua kazi hii ni kazi ya hofu. Nyinyi vijana mnaopuliza povu kwa mashine kando ya barabara hapa Palma mnadhani ni kazi ya maji.

Mimi sikusoma. Madrasa kidogo, shule ya Kireno darasa la pili, kisha jembe. Lakini katika umri wangu wote halikutoka gari mikononi mwangu na alama, isipokuwa moja, na hilo nililikwaruza kwa makusudi. Nitafika huko.

Kutoka Mocímboa nilikuja Palma, kwenye kambi ya wakandarasi wa gesi. Huko meneja wa magari alikuwa mgeni wa maneno machache, na ndiye aliyenifundisha ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari. Alinifundisha kuanza paani na kumalizia chini, kutoosha juani kwa sababu sabuni hukauka ikaacha madoa, na kufuta kwa kwenda na kurudi, si kwa kuzungusha. Rangi ya gari ina ngozi juu yake, nyembamba kama ngozi ya yai. Ukiizungusha na mchanga, umeichuna. Juu ya ngozi hiyo ndipo inapopakwa nta. Kwetu pwani nta si pambo, maana upepo wa chumvi unakula bati kama mchwa.

Nta mpya haipakwi gari zima siku ya kwanza. Unaijaribu chini ya mlango, mahali pasipoonekana, padogo kama kiganja. Unaiacha ikauke, unaifuta, kisha unamwagia maji. Maji yakitandaa, tupa. Yakikusanyika matonematone yakateleza kama maji juu ya jani la yugwa, hiyo ni nta. Niliamini jaribio hilo kama ninavyoamini kibla.

Kambi ilipofungwa kwa sababu ya vita, nilichukuliwa na idara moja ya serikali wilayani. Mkuu wangu alikuwa Direktori, mtu wa kusini, mwembamba, suruali yake imenyooshwa hata siku za njaa. Mimi nilimwita Shefe, yeye akiniita Mestri, yaani fundi. Alikuwa na gari jeupe la idara, akiliendesha mwenyewe, hataki dereva aliguse. Siku moja aliona mstari mwembamba kama unywele ubavuni, akanisimamisha hapo na kunihoji kama polisi mpaka tulipogundua ni utando wa buibui.

Sasa nieleze jambo ambalo watoto wa leo wameanza kulisahau. Miaka ile hakuna aliyetoka Palma kwa barabara peke yake. Magari yalingojana, yakaenda kwa koluna, yaani msafara, askari mbele na askari nyuma, kwenye ile njia ya msitu mpaka njia panda ya Awasse na kuendelea. Na kabla ya kutoka, kila gari lilivishwa. Ndivyo tulivyosema: kulivisha gari. Unachukua udongo wa mfinyanzi, unaukoroga na maji, unalipaka gari zima, taa, vioo vya pembeni, hata vishikio vya milango, unaacha mahali pa dereva kuonea tu. Watu waliamini kwamba wale wapiganaji wa porini huona mmeto wa jua kwenye bati kutoka mbali, na kwamba katika mstari wa magari hulipiga kwanza linalong'aa, maana ndani yake pana mkubwa. Mimi niliyezeeka nikiondoa matope nikawa bingwa wa kuyapaka. Nilipaka mepesi, kwa tabaka, mpaka ungeapa gari limezaliwa nayo.

Ikatokea Direktori akarudi safarini na chupa nyeusi ya nta mpya, nta ya maji, si ya kopo. Aliambiwa hudumu mwaka. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kwa ndege kutazama wilaya, naye alitaka gari liwapokee liking'aa. Maandishi ya chupa sikuyajua. Niliinusa, nikaijaribu chini ya mlango kwa kawaida yangu. Maji hayakuteleza, yalikimbia. Nikalipaka gari zima, nikalifuta kwa kitambaa laini, na jioni niliona ndevu zangu kwenye boneti, unywele mmoja mmoja. Wageni walikuja wakalisifu, wakaondoka kwa ndege yao.

Mwanangu Awa alikuwa na mimba ya kwanza, karibu kujifungua. Mumewe alikuwa Quiterajo kwa ndugu zake, njia imekatika, hatujui yu hai au la. Siku wageni walipoondoka, Awa aliamka miguu imevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli. Muuguzi alimpima presha, akanivuta pembeni akaniambia mtoto huyu asizalie hapa, afike hospitali ya Mueda kwa koluna ya kwanza. Gari la wagonjwa lilikuwa limetangulia na halijarudi. Koluna ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Nilimwendea Direktori ambaye alikuwa na safari hiyo hiyo. Hakuniachia nimalize. Alisema kiti cha nyuma ni cha Awa.

Asubuhi nikakoroga udongo. Nikachota, nikaubandika mlangoni. Ukateleza wote, ukaanguka chini kama uji, na mlango ukabaki mweupe. Nikaongeza udongo, nikapunguza maji. Ukashika kidogo, ukakauka, ukabanduka kipande kizima. Nikarusha vumbi kavu, likapeperuka. Nikasugua kwa sabuni ya unga ili nta itoke, haikutoka. Nikajaribu mafuta ya taa, gari likazidi kung'aa. Jua lilikuwa linapanda na bati linalirudisha machoni mwangu.

Awa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mama yake akimpepea. Akaniambia taratibu, "Baba, unanipeleka hospitali au unanipeleka harusini?"

Mama yake akacheka, kisha akalia.

Direktori akaja na mkoba wake. Akatazama gari, akatazama udongo uliojaa chini.

"Mestri, leo kazi imekushinda?"

"Imefaulu mno, Shefe. Ndiyo balaa lenyewe. Haishiki kitu."

Nikamwambia iko njia moja tu, mchanga na kumbi la nazi, kuichuna ngozi ya rangi mpaka bati liwe kavu na la kukwaruza, hapo udongo utapata pa kushika. Nilisema nikiangalia miguu yangu. Yule ni mtu aliyenihoji kwa ajili ya utando wa buibui, na lile ni gari la serikali. Akikataa, mwanangu anaingia msituni ndani ya kioo. Kule barabarani askari walipiga honi ya kwanza.

Direktori aliweka mkoba chini, akakunja mikono ya shati, akaokota kumbi la nazi, akalichovya kwenye mchanga.

"Wewe shika kulia," akasema. "Boneti niachie mimi."

Mlio wa mchanga juu ya rangi mimi niliukimbia maisha yangu yote. Siku hiyo niliutoa mwenyewe kwa mikono miwili, meno yakinikereka, na upande wa pili nilimsikia Direktori akisugua na kuhema na kusema maneno ya kwao kusini nisiyoyajua. Sikuuliza kama ni dua au matusi. Mke wangu naye akaja na kumbi lake. Tukalipaka udongo. Ukashika. Honi ya pili ilipolia, Awa alikuwa amelala kiti cha nyuma, amefunikwa kanga, na gari halikuwa na rangi.

Simu zilikuwa hazishiki. Siku walizokuwa huko sikuzihesabu, kwa sababu kuhesabu kunaleta ndege mbaya. Nilikwenda yadi kila asubuhi nikafagia mahali lilipokuwa likisimama lile gari. Ikaja habari kwamba koluna ilipigwa risasi kabla ya Awasse. Gari lipi, hakuna aliyejua. Mke wangu aliacha kuniuliza.

Liliporudi, nililitambua kwa mlio wa injini. Direktori alishuka ameparara, akashika mlango ili asimame.

"Mestri, ni msichana. Wote wawili wazima, nimewaacha wamelala."

Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga. Yeye akaendelea kusema kwamba gari la mbele yao lilitobolewa, na kwamba aliona watu kando ya barabara, na macho yao yalipita juu ya gari letu kama yanavyopita juu ya jiwe. Kama ni udongo au ni Mwenyezi Mungu, sikuuliza, na yeye hakusema. Lile gari hatukulipaka nta tena. Alipohamishwa, alimwambia mrithi wake kwamba mikwaruzo yote ile ni yake yeye mwenyewe.

Mimi nimestaafu kwa sababu ya magoti, si kwa kushindwa. Mkwe wangu alirudi mzima na sasa ana kigari cha kuchukua abiria. Wanasema barabara imetulia, siku nyingine ni kweli. Idi iliyopita aliniomba nimng'arishie gari lake, akaniletea chupa, nyeusi vile vile. Nikalifanya, kwa sababu nikifanya nafanya. Wakapanda, Awa mbele, mjukuu wangu nyuma anacheza na sura yake kwenye kioo, wakaenda kusalimia ndugu Mocímboa. Nilisimama mbele ya nyumba nikiwatazama mpaka mmeto ule ulipoingia mitini, na mke wangu hakuniita kula.

Waliporudi, sikutazama nyuso kwanza. Nilitazama bati. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu kutoka magurudumu hadi paa, nikapitisha kidole juu yake, nikasema alhamdulillahi. Mkwe wangu akaniuliza kama alete ndoo. Nikamwambia aliache hivyo mpaka kesho.