Kodi ya Nyumba Isiyo Yetu Tena

Nilipanda juu ya kinu cha Mama, nikawachekesha watu. Huo njo upumbavu wangu wote, na siku ile niliuona akili tupu.

Papa alikuwa na nyumba pale Kitshanga, akimpangisha fundi wa nguo. Mabati ya kuiezeka Papa aliyachukua kwa mchuuzi kwa deni, nyumba yenyewe ikawa rehani. Fundi akahama bila kulipa, Papa akashindwa na deni, mchuuzi akaichukua nyumba. Nyumba haikutosha kulipa deni lote, lakini mchuuzi alisema, "Papa, kilichobaki nimekufutia. Tumemalizana."

Kwetu vilimani, ukifutiwa deni hunyamazi. Unatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, unaita majirani, na mmoja wa nyumbani anautangaza ule msamaha kama vile wanavyotangaza ng'ombe wa mahari. Ukiumeza kimyakimya, watasema umeiba. Papa akanichagua mimi, eti kwa sababu nasoma.

"Wazee!" nikapaza sauti. "Mwaka huu Papa amekuwa tajiri! Amevuna deni, gunia kwa gunia! Na nyumba ingali yake, muchuuzi analala humo tu kama mugeni!"

Walicheka hadi wakamwaga pombe. Karani wa kodi, ambaye hahitaji mwaliko kasiksi ikinukia, alicheka kuliko wote. Siku ya soko akamwita Papa ofisini, nami nikaambiwa nifuate.

"Papa, deni yenye ulifutiwa njo faida. Faida iko na kodi. Na nyumba ya kupangisha iko na kodi yake."

"Faida gani? Unionyeshe kwenye iko, nikulipe nayo!"

"Mabati haukupata?"

"Iko juu ya nyumba!"

"Na nyumba?"

"Ya muchuuzi!"

"Mutoto wako alisema ingali yako. Mbele ya watu wote."

"Huyu? Huyu alishasema mbuzi yetu ilibatizwa!"

Akaitwa mchuuzi. Alipoingia tu akaelewa kwamba atakayesema nyumba ni yake njo atakayelipa. "Nyumba?" akasema, bila kututazama. "Aa, mimi mugeni tu. Nalala humo."

Sasa Papa ageukie wapi? Akisema nyumba ni yake, analipa. Akisema si yake, basi aliiuza, analipa. Nikanyoosha mkono kama darasani, nikasema yale yote yalikuwa mchezo.

"Kwa hiyo ulidanganya serikali?" karani akaniuliza, kwa upole kabisa.

Mkono ukashuka wenyewe.

Papa hakurudi nami nyumbani. Walimfunga, achimbe barabara ya Walikale mpaka kodi iishe. Nilipanda kilima peke yangu, nikamsimulia Mama yote, hata ile ya mbuzi, nikidhani labda atatabasamu kidogo. Hakutabasamu. Alifunga bugali na maharagwe ndani ya jani la ndizi, akanitia mkononi.

"Mupelekee baba yako," akasema. "Na ukifika, nyamaza."